Muuguzi Aliyemtibu Mke Wangu Bila Kunishauri

Kwa Mkuu wa Zahanati,

Ndugu,

YAH: MUUGUZI WAKO KUIVURUGA NYUMBA YANGU

Natumaini u mzima na nyumbani kwako kumetulia. Kwangu kulitulia pia, mpaka mlipoingilia kati.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Kwa heshima zote, namlalamikia muuguzi wako wa kliniki ya wazee, yule tunayemwita Sista Taratibu. Mke wangu alikuwa hawezi kuzuia mkojo. Akikohoa, unatoka, akinyanyua ndoo, unatoka. Basi akaacha mikutano, akaacha harusi, akawa anashinda nami sebuleni, kiti chake karibu na mlango wa choo. Sikuwahi kumsema. Saa zote nilijua mke wangu yuko wapi. Ndipo binti yetu akamleta kwenu, na yaliyofuata ni haya:

1. Sista alimwambia mbele yangu, "Mama, usiseme ni uzee tu. Misuli ya chini imelegea, kama mpira wa sketi. Tutaikaza kwa mazoezi." Ndugu, nimeshona sketi maisha yangu yote. Mpira uliolegea hutolewa ukatiwa mwingine; haufanyishwi mazoezi.

2. Mazoezi yenyewe hayaonekani. Anabana, anahesabu moyoni, analegeza. Nikimweleza jambo zito ananitazama kwa utulivu mkubwa, nami nashukuru kwamba leo nasikilizwa. Kumbe anabana.

3. Amepewa ratiba ya choo. Hasubiri tena kubanwa; anaenda saa ikifika, na kila baada ya muda anaisogeza mbele kidogo. Choo ni kimoja. Nikifika mbio nakuta mlango umefungwa na mtu ambaye, kwa kauli yake mwenyewe, hajabanwa.

4. Nilikuwa nikimnyima maji tangu adhuhuri, kwa mapenzi tu. Sista akasema maji yakipungua mno mkojo huwa mkali, ukakichokoza kibofu; cha kupunguza ni chai na kahawa. Sasa maji anakunywa yeye, chai nimepunguziwa mimi.

5. Hili ndilo lililoniuma. Zamani nikitoa kichekesho alikuwa hacheki. Niliamini anajizuia asijiloweshe, nikamhurumia. Juzijuzi jirani yetu muuza mkaa alisimulia habari za mbuzi wake, mke wangu akacheka mpaka machozi, na kiti kikabaki kikavu. Nikaona nami nijaribu. Nikatoa kile kichekesho changu cha kola. Akanitazama, akasema, "Hicho nimeshakisikia, baba watoto." Kumbe miaka yote kibofu kilikuwa kikinisitiri.

6. Wiki iliyopita alipanda basi kwenda kwa dada yake. Nilipomuuliza atarudi lini, akajibu, "Nikichoka." Mpaka naandika hivi hajachoka, nami nala viporo.

Kwa hiyo naomba Sista ahamishwe, mbali iwezekanavyo, na mke wangu apewe mazoezi ya kulegeza ili arudi alivyokuwa. Ikishindikana, zahanati iniletee mtu wa kukaa nami jioni. Awe mwepesi wa kucheka.

Nisalimie wauguzi wote, mpokea wagonjwa, na mlinzi wa getini aliyenipisha kitini. Sista usimsalimie.

Wako katika ukiwa,
Fundi Kola

Nyongeza: Mke wangu amerudi sasa hivi, bila kubisha hodi, akanikuta uani naanika godoro. Kwa kuwa hakulala hapa wiki nzima, nimekosa wa kumsingizia. Hakucheka, wala hakuuliza. Aliweka mkoba chini, akashika upande wa pili, tukaligeuza pamoja. Kisha akasema, "Sista anawaona na wanaume." Tafadhali asihamishwe kabla ya Alhamisi.