Masale ya Idi na Ufagio wa Mama Mkwe

Jumatatu, 24 Mei 1993
Masale yamefika! Frank, dereva wa lori, mtu wa Kilema kule milimani, kaniletea shina moja kutoka chini ya migomba ya mama yake. Majani marefu, yanang'aa, kijani mwaka mzima. Singida mwezi huu rangi ni moja: vumbi. Wiki ijayo Idi ya kuchinja. Watu watataka picha, na watakuja studio kwangu, mbele ya kijani hai, si kwa jirani yangu Abdulhamidi na maua yake ya plastiki ya Dubai. Tangu biashara iachiwe huru kila mjinga ana Dubai yake. Mimi nimefika Mombasa mara mbili na sijisifu.

Frank kaacha masharti. Kivuli. Maji ya mvua, si ya kisima chetu cha chumvi. Na udongo mchachu wenye unyevu: mmea ufunikwe miguu kwa mboji, yaani majani yaliyooza, na isiondolewe. Kaleta na gunia lake. Nimepanda chini ya mwarobaini, uani ninapopigia picha. Nimechoka. Jembe si kazi ya mpiga picha.

Lakini lazima yastawi. Mke wangu Mboni kasema Idi hii ikipita kavu kama ile ndogo, studio inafungwa, tunahamia kwa mama yake Ikungi kulima vitunguu. Mimi! Ukweni! Na jembe!

Jumanne, 25 Mei
Mboji imefagiwa. Yote! Ua lina mistari ya ufagio kama daftari jipya. Ni mama mkwe. Kaja kumwangalia Mboni aliyejifungua, na huamka kabla ya jogoo. Nami kwa mila siwezi kumsemesha mama mkwe uso kwa uso. Tukikutana kwenye kona, mmoja anarudi kinyumenyume. Nikamwomba Mboni amwambie. Kajibu kwamba mtu anayemkanda kwa maji ya moto kila asubuhi, yeye hawezi kumfundisha kufagia.

Nimemwaga mboji nyingine.

Alhamisi, 27 Mei
Imefagiwa tena. Nikatumia akili. Nilimwendea mbuzi wa Idi, nikamweleza kwa sauti kwamba, mbuzi wewe, ile si takataka, ni chakula cha mmea, muungwana haigusi. Mama mkwe alikuwa jikoni. Akamgeukia kuku: kuku wewe, mjukuu wangu halazwi kwenye nyumba yenye majani mabovu, nyoka watapanga vyumba. Nikamfahamisha mbuzi kwamba hapa ni mjini, nyoka wako shamba. Kuku akaambiwa kwamba baba mtoto kasoma, lakini nyoka hajasoma.

Mbuzi alikosa jibu.

Jumamosi, 29 Mei
Niliuficha ufagio darini. Alfajiri mama mkwe kashafunga mwingine. Mbaya zaidi, kauonea mmea huruma. Kaumwagia majivu debe zima, kuzuia mchwa. Majivu! Uchachu wote kwaheri. Majani yamegeuka njano. Abdulhamidi kachungulia juu ya ukuta, akanipa pole ya mgonjwa, akasema maua yake hayaombi hata maji. Nikamjibu kwamba hata maiti haiombi maji. Nilijisikia vizuri dakika mbili.

Jumatatu, 31 Mei
Nimeshinda nikichota majivu kwa kijiko. Kijiko! Mgongo umekufa. Mama mkwe kanionea huruma na mimi: kamwambia kuku kwamba baba mtoto ale uji. Nimekula. Mtamu. Adui wa namna hii anachosha sana.

Jumanne, 1 Juni, Idi
Mbuzi kachinjwa. Masale yamebaki na jani moja, nalo limeinama. Nikafungua studio kama mtu anayefungua kaburi lake.

Saa nne, foleni! Kanzu nyeupe, magauni ya lesi. Kina mama walilalamika kwamba kwa Abdulhamidi vumbi limepanda hadi kwenye plastiki, watoto wametoka wekundu magotini. Wakaulizana hapa kwangu nani anafagia hivi, hata mtoto wa kanzu anakaa chini. Sikuwasikiliza sana, kazi ilikuwa nyingi. Filamu nne zimeisha! Mboni kachungulia dirishani. Hakutaja vitunguu.

Jioni ilibaki picha moja. Nikaweka kiti, nikauambia ukuta kwamba bibi wa mtoto ana picha yake ya bure. Akaja, akakaa na ufagio mapajani. Nikamtazama kwa mara ya kwanza, kupitia kamera. Hilo mila haijalikataza. Kumbe mwanangu kachukua macho yake. Na mikono yake imechoka kuliko yangu. Nikabonyeza taratibu.

Jumatano, 2 Juni
Nimetafakari tangu chai. Ni lile jani! Kama jani moja limevuta umati ule, mimea sita itawaleta mpaka watu wa Shelui na Kintinku. Nimempa Frank agizo: masale sita, magunia kumi ya mboji, imwagwe ua zima, toka ukutani hadi mlangoni. Fagio zote mbili ziko darini.

Tatizo moja tu. Mbuzi tumemla, na kuku wa mama mkwe bado anazunguka uani. Nimeongeza kwenye agizo: mbuzi mmoja, awe na majibu.