Chuma Kisichojali Moto

Jumatatu, 7 Julai 1969
Nimeokota chuma cha ajabu bandarini. Kipande cha tanuri la kiwanda, kimetupwa. Nimekizika kwenye makaa mpaka kikawa chekundu. Kilipopoa, hakina gamba la kuungua, hakina kutu. Subhanallah. Nimekitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Mpango: nikiyeyushe, nimtengenezee Mwanvua vyuma vya kubebea trei katika tanuri lake la mikate. Mwanvua ni mjane, na anacheka vizuri. Vyuma vya sasa alifuliwa na Atumani, mhunzi mwenzangu na jirani yangu, kwa springi za lori. Vimepinda. Vyangu vitadumu mpaka Kiyama.

Jumanne, 8 Julai
Mwanvua amekubali. Jumapili anaoka mikate ya harusi ya mdogo wake. Amesema Atumani naye amejitolea kumfulia vingine, bure. Mtu hana haya.

Jumatano, 9 Julai
Nimefunga feni ya lori kwenye tanuru langu, ipulize makaa. Atumani amekuja bila kuitwa. Anadai chuma hiki kikiyeyuka ndani ya makaa kinakula makaa, kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na kile kinachokikinga na kutu kinaungua. Nimemwambia huo ni wivu.

Kisha kikayeyuka. Cheupe kuliko jua la saa sita. Kilitiririka kwenye mifereji niliyoichora mchangani kama maziwa. Atumani alivua kofia. Mimi nilisahau kupumua.

Ijumaa, 11 Julai
Vyuma vimeingia tanurini mwa Mwanvua. Nimepewa chai na mandazi. Atumani hakupewa.

Jumapili, 13 Julai
Vimevunjika. Moto ulipokolea, kah, kama sahani ya udongo. Trei mbili zimeanguka ndani ya makaa. Atumani amekuja mbio na vyuma vyake vya springi, harusi ikapata mikate.

Mimi nilikuwa nimechutama na kipande mkononi. Pale kilipokatika panameta, chembe chembe, kama sukari. Sijaona kitu kizuri hivyo. Mwanvua akaniuliza, "Seifu, we unapenda chuma ama unapenda watu?" Nikakigeuza kipande kwenye mwanga. Akaenda kumshukuru Atumani.

Jumatatu, 14 Julai
Mabaki niliyoacha nje kwenye umande yameshika kutu. Nimefikiri sana, nimeelewa. Nilikiyeyusha mara moja tu. Nguo chafu nani huifua mara moja? Kesho nakiyeyusha tena, kwa makaa mengi zaidi.

Nimekopa gunia la makaa kwa Atumani. Amenipa, akafunga mlango upesi. Nadhani ameanza kuniogopa.