Semina na Moshi wa Betri

Redio niliyokuwa naitengeneza ndiyo iliyoanzisha mjadala. Niligusa waya mmoja tu, mtangazaji akachomoka: shirika fulani linatoa ufadhili na mafunzo kwa waandishi wa habari na watengeneza filamu watakaoibua habari zilizosahaulika.

"Zima hiyo!" alifoka Soli, fundi viatu, misumari mdomoni. "Zimesahaulika na nani? Sisi hapa hatujasahau kitu."

"Usizime," alisema Mama Birika, mwenye kahawa na mwenye benchi letu. "Huenda wakaja. Moshi wa pale wanapoyeyusha betri unawasubiri mwaka wa pili huu. Mjukuu wangu akilala, kifua kinapiga filimbi. Nimemwambia Semina mpaka mate yamenikauka."

Semina ni mwandishi wa habari wa mtaa wetu. Jina hilo tulimpa baada ya semina ya saba; sasa amefikisha kumi na moja, na kila moja imemrudisha na begi, fulana na kalamu isiyoandika. Filamu hajatengeneza hata ya dakika moja.

Hatujamaliza kumsengenya, huyo! Begi jipya begani, kitambulisho kinaning'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe.

"Wakubwa, nimepata! Ufadhili huo huo wa redioni. Wiki mbili hotelini, tunafundishwa kumsikiliza mwananchi wa kawaida."

"Hotelini kuna mwananchi wa kawaida?" Soli aliuliza.

"Watamleta."

"Hongera, mwanangu," alisema Mama Birika, uso umemchangamka. "Kwa hiyo moshi wetu sasa utaupiga picha, waufunge ule mtambo wa betri?"

Semina alijikuna shingo. "Mama, niliupeleka, wakaukataa. Wanataka habari isiyojulikana. Huu moshi kila mtu anaujua."

"Kila mtu nani?"

"Si nyinyi hapa?"

Soli alitema misumari yote kiganjani. "Ebo! Kumbe kosa letu ni kukohoa hadharani?"

"Tungekohoa kwa siri," nikadakia, "saa hizi tungekuwa kwenye filamu."

"Msinilaumu mimi, laumuni fomu. Tena inataka uambatishe magazeti matatu ya kuthibitisha kwamba habari yako haijaandikwa."

"Magazeti yaliyoandika kwamba hayajaandika?" Soli aliuliza.

"Nilituma kurasa za michezo. Wakanisifu kwa utafiti wa kina."

"Na habari uliyopewa ni ipi?"

"Kuna watu wako mbali, safari ya siku tatu. Wana shida kubwa sana."

"Shida gani?"

"Hiyo ndiyo tutakayofundishwa hotelini."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Semina naye alicheka, kisha akatoa simu, akaiegemeza kwenye redio yangu bila hata kuniomba.

"Ila nisaidieni. Wanataka video ya dakika moja, mimi nikiwasikiliza wananchi. Mama, ongea chochote, mimi nitatikisa kichwa."

Mama Birika alivua aproni. Akamkazia macho, akaanza. Alieleza masizi yanavyoganda kwenye nguo za mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka minne na hawezi kukimbia hadi kona bila kukaa chini. Daktari alipompima damu alikuta sumu, akauliza mnaishi karibu na nini, akasema mhamisheni. Wamhamishie wapi? Alipokwenda kulalamika, mlinzi wa mtambo alimtishia kumfungulia mbwa. Namjua mama huyu kwa ulimi mkali, lakini siku hiyo aliweka mkono shavuni kama aliyefiwa. Soli aliacha kugonga kiatu.

Semina alitikisa kichwa mwanzo hadi mwisho, macho kwenye simu.

"Safi sana! Mama, ulipoweka mkono shavuni, hapo umeua."

"Kwa hiyo umesikia alichosema daktari?"

"Daktari yupi?" Semina aliuliza, anakagua video. "Mama, mimi nilikuwa naangalia kama kichwa changu kimeingia chote. Usijali, sauti haitumiki. Wataweka muziki."

Mimi nilishikwa na hasira mpaka bisibisi ikaniponyoka.

Semina hata hakuona. Alikaa katikati yetu, akaiweka sawa kola yake. "Bado picha moja tu, nikinywa kahawa na wananchi. Nimiminie, Mama."

Mama Birika alichukua kikombe, akakifuta taratibu ndani na nje, akamkabidhi.

"Mbona hamna kitu?"

"Kunywa tu, mwanangu," alisema, akifunga tena aproni yake. "Kahawa haitumiki."