Siku Mbaya za Handel

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mwalimu Makori amehamishwa! Kwaya yetu ya Sosiot imebaki bila mwongozaji, na mashindano ya Bomet ni mwezi ujao. Kanisa zima linalia. Mimi pia nililia, ila kwa jicho moja.

Miaka kumi na moja nimeimba besi safu ya nyuma, nikitazama visogo vya watu. Nataka kusimama mbele kabla sijazeeka, watu wauone uso wangu. Hiyo tu. Tatizo ni Phelix Omollo, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, teno. Naye anataka. Na anapendwa! Hutabasamu hata akiimba, jambo ambalo mimi siliwezi.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata mwanya. Mwalimu ametuachia nyimbo tatu za Handel, yule mtunzi wa kale wa Ulaya. Alitufundisha kila sauti peke yake: soprano kanisani, alto darasani, teno uwanjani, sisi besi nyuma ya jiko. Akahamishwa kabla hatujaunganisha. Sasa Omollo anataka twende Bomet na ule wa tatu.

Mbaya sana! Ninao hapa, nimeunakili mwenyewe kwenye daftari. Mwanzo ni kimya, mapigo tisini na sita. Halafu noti moja ndefu, "do". Kimya tena. Halafu "do" ileile. Mwisho "so, do", Amina. Basi! Hata mtu mkubwa kama Handel alikuwa na siku mbaya. Huu aliuandika akingoja chakula.

Nitaonyesha kwamba Omollo hajui kumtofautisha Handel mzima na Handel aliyechoka. Nimekagua zile nyingine mbili pia. Dhaifu. Wa kwanza afadhali kidogo, una "fa".

Jumatano, 7 Mei
Kampeni. Mimi ndiye karani wa kupima majani chai, kwa hiyo nusu ya kwaya hupita mbele ya mizani yangu. Chepchirchir wa alto alipotundika gunia lake nikamweleza habari za udhaifu wa Handel. Akashangaa. Akasema wimbo ni mtamu, akaniimbia sehemu yake palepale: mi, mi, mi, fa, mi. Nilimhurumia. Akauliza kama nimewahi kuusikiliza kwenye simu. Nikamjibu kwamba mwanamuziki wa kweli husoma. Foleni ikaanza kunung'unika maana mvua ilikuwa inakuja.

Alhamisi, 8 Mei
Mdahalo mbele ya kamati! Nilisema dakika ishirini. Nilitaja makosa saba ya Handel, manne kati yake yakiwa ni ukimya. Niliuliza kama kweli tutasafiri hadi Bomet, na sare mpya, kwenda kunyamaza mbele ya majaji.

Omollo alisema neno moja tu, kwamba tuunganishe kwanza ndipo tubishane. Nikamjibu kwamba mboga isiyo na chumvi, hata ukichanganya sufuria nne, bado haina chumvi. Watu walicheka! Wakapiga makofi! Kiptum, besi mwenzangu, alisimama kabisa. Nikajiona nimeshasimama mbele.

Lakini mwenyekiti ni Mama Rodah wa soprano, na Mama Rodah hachekeshwi. Akasema, "Aron, wewe keti. Jumamosi tunaunganisha, halafu tunapiga kura ya mwongozaji. Kelele ni baadaye."

Jumamosi, 10 Mei
Sijui nianzie wapi.

Walianza, mimi nikihesabu mapigo yangu. Nilifika thelathini. Hapo ile mi, mi, mi ya Chepchirchir ikapita juu ya teno, teno wakaipokea, soprano wakapanda juu kabisa, na mimi nikasahau kuhesabu. Sikujua. Siku zote hizi, nyuma ya jiko, sikujua. Machozi yalitoka yenyewe, macho yote mawili.

Ghafla wimbo ukayumba, ukaanguka. Omollo akauliza taratibu besi iko wapi. Besi tulikuwa tunapangusa pua.

Tukarudia. Safari hii niliingia. "Do" yangu ilishuka, na nikahisi wote wameikalia kama watu kwenye benchi. Nilitamani isiishe.

Kura: Omollo ishirini na mbili, mimi mbili. Yangu nilimpa Omollo (asijue mtu). Kati ya zile mbili, moja ni ya Kiptum. Ya pili, nashuku, ni ya Omollo mwenyewe. Baadaye alinishika mkono, akasema bila besi hakuna wimbo, akaniomba niwe kiongozi wa besi. Nimekubali. Sitamsema Handel tena maishani.

Jumapili, 11 Mei
Nimefikiri vizuri wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Handel ana udhaifu mmoja tu, na hauko kwenye besi. Ni soprano!

Nina ushahidi. Leo asubuhi nimepita kwa Mama Rodah akikamua ng'ombe, akiimba sehemu yake peke yake. La, la, so, la. Mara nne! Hata ng'ombe alichoka. Handel mwenyewe aliona imeharibika, ndiyo maana akatuweka sisi chini tuishikilie.

Nimeandika barua kwa kamati: soprano wapunguzwe kutoka kumi hadi wawili, na nafasi ya mbele wapewe besi. Kiptum ameshatia sahihi. Handel angekuwa hai angetia pia.