Darasa Langu la Uongozi

Jumatatu, 3 Machi

Habari moto! Keshia mkuu amestaafu, kiti chake ki wazi. Na wiki hii benki inatuletea mshauri wa taaluma. Kila mfanyakazi atakaa naye nusu saa amweleze ndoto zake za kazi. Meneja akasisitiza kwamba huo si usaili. Tukacheka wote kwa adabu. Miaka tisa nimekaa dirisha la tano nikigonga mihuri. Zamu yangu imefika!

Jumanne, 4 Machi

Tumepewa fomu ya maswali sitini. Je, unapenda kufanya kazi na watu? Nimeweka alama kwenye "Sana", kisha nikachora kisanduku changu pembeni: "Kupita kiasi". Nimechungulia fomu ya dada wa dirisha la tatu. Ameandika kwamba anaogopa kuzungumza mbele za watu na angependa kufundishwa. Ameandika ukweli! Kwa wino! Nimemhurumia.

Jumatano, 5 Machi

Zamu yangu, kwenye stoo ya makaratasi. Mshauri ni mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Akaniuliza ni kazi gani hunisahaulisha saa. Kusema kweli, ni kuwaelekeza wazee kujaza fomu za pensheni. Lakini nani alipandishwa cheo kwa ajili ya wazee? Nikajibu: uongozi. Akaomba mfano. Ulimi ukateleza. Nikasema nimeanzisha darasa la uongozi hapa kazini, kila Ijumaa saa ya mapumziko.

"Hongera!" akasema. "Basi Ijumaa hii nami nitakuja."

Ijumaa ni keshokutwa!

Alhamisi, 6 Machi

Kutwa nzima nasaka wanafunzi. Mlinzi amekubali kwa soda mbili. Mfagizi atakuja mradi asilazimishwe kusema. Shemeji yangu, fundi friji, atavaa tai yangu ajifanye keshia wa tawi jingine. Dada wa dirisha la tatu kajialika mwenyewe. Maskini, anadhani darasa ni la kweli. Mke wangu kaniuliza kwa nini nisimwambie tu yule mama ukweli. Nikamjibu kwamba mambo ya ofisi yeye hayajui. Akacheka mpaka akashika mbavu. Imenikera.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Mshauri kaketi nyuma na daftari. Nimehutubia dakika nne, maneno yakaniishia. Nikamwomba shemeji atueleze uzoefu wake wa kibenki. Akaeleza namna ya kujua gesi ya friji imevuja. Mfagizi akanyoosha mkono: mbona yake inatoa maji? Darasa likachangamka ajabu.

Mara akaingia bibi mmoja, kakosea mlango, fomu ya pensheni mkononi, machozi yanamlengalenga. Wamemrudishia mara ya tatu. Nikamkalisha. Tukaijaza mstari kwa mstari, nikasahau wote waliokuwemo. Kuinua kichwa, dada wa dirisha la tatu kasimama mbele, sauti inamtetemeka, anawaeleza wenzake jinsi ya kumpokea mteja aliyefura kwa hasira. Wote wanasikiliza. Mshauri anaandika tu.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu. Dada wa dirisha la tatu atakaimu nafasi ya keshia mkuu huku akisomeshwa. Mimi? Dawati jipya la kuwasaidia wazee. Karibu na mlango! Nikamuuliza meneja nimekosa nini. Akanisomea alivyoandika mshauri: "Darasa lake lilikuwa la kubuni, lakini yule bibi alikuwa wa kweli, na subira aliyomwonyesha ilikuwa ya kweli."

Nikaona haya. Nikaona na raha kidogo, ila hiyo simwambii mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Dawati si baya. Wazee wananiita mwanangu. Mmoja kanishika mkono akakataa kuuachia. Lakini meneja atajuaje haya yote? Kwa bahati nzuri kuna sanduku la maoni. Jana nilitumbukiza barua sita za kunisifu, nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Leo meneja kaniita, akauliza imekuwaje wateja sita wakaandika kwenye karatasi zenye nembo ya benki. Nikamwahidi kuchunguza.

Uzembe wangu! Nikitoka kazini nimepitia duka la vifaa vya shule. Nimenunua karatasi za rangi sita tofauti. Na kalamu ya zambarau, kwa ajili ya barua za wajane.