Ukavu Usio na Kibali Bandani kwa Mashavu

Kitongoji cha Bondeni,
Kibiti.

Ndugu Afisa Mifugo wa Kata,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BANDA LA KUKU LISILO NA TOPE

Assalaam alaykum. Natumaini pikipiki yako imeshakwamuliwa pale ulipoiacha ulipotutembelea mara ya mwisho. Mimi ni Abdulkarimu Twalha, Katibu wa Kamati ya Mafuriko ya kitongoji hiki, na ni mume wa Mashavu, yule uliyemfundisha kukausha banda la kuku. Nakuandikia kwa uchungu, kwa sababu mafunzo yako yameniharibia nyumba na jina, na sasa yanakuja kuchukua cheo changu.

1. Kabla hujaja, tope letu lilikuwa la haki. Lilikuwepo sebuleni, uani na kwa kuku, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Leo naenda msikitini nimekunja kanzu hadi magotini, huku jogoo akinitazama amesimama pakavu. Jogoo huyo nilimnunua mimi.

2. Kazi yenyewe ilifanyika bila kikao. Kamati yangu imelijadili tope tangu masika ya mwaka juzi, tumekunywa chai nyingi, na tukaunda kamati ndogo ya kwenda kuliona. Mashavu hakungoja taarifa. Aliinua sakafu ya banda kwa kifusi na mchanga, akachimba mtaro kuzunguka uzio ukielekea mteremkoni, akaezeka upya makuti yaliyokuwa yanavuja. Halafu akamwaga maganda ya mpunga, ambayo huyageuza kila asubuhi na kuyatoa yakilowa. Alimaliza sisi bado tunabishana nani awe mwenyekiti wa kamati ndogo. Sasa watu wanauliza kamati inafanya kazi gani, swali ambalo halikuwahi kuulizwa hapa.

3. Kuku wameacha kufa. Wewe utaliona ni jambo jema kwa kuwa unakula kwako. Zamani kila mvua kubwa ilituletea kuku aliyelegea, nami nilikuwa nakimbia na kisu niwahi kumchinja kabla hajawa mzoga. Nilikuwa na mbio nzuri, na mchuzi haukukosekana. Tangu mtaro uchimbwe sijaonja hata shingo. Nikiuliza, naambiwa wote ni wazima na wanataga.

4. Mama mkwe wangu, Bi Swaumu, alikuja kututembelea kutoka Ruaruke. Alichungulia sebule yangu, akachungulia na banda, kisha akaomba mkeka wake utandikwe kule. Nilimpelekea mkwe wangu kahawa katikati ya mitetea, viatu nimevishika mkononi. Aibu ya siku ile sijawahi kuiona tangu nioe.

5. Hili ndilo kubwa. Jirani yetu Nurdini alikuja kumwita Mashavu akamwonyeshe pa kuchimba mtaro nyumbani kwake, na mimi nimesimama palepale na faili langu kwapani. Baada yake wakaja wengine, na sasa inasemwa waziwazi kwamba ukatibu apewe yeye. Ndugu Afisa, kazi hiyo nimeishika tangu nikiwa na nywele kichwani, na sina nyingine. Ikiondoka, nitabaki mume wa mwenye kuku.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, utangaze kwamba kukausha banda bila muhtasari wa kikao ni kosa. Pia uje umfundishe Mashavu kurudisha tope, walau upande mmoja kwa kuanzia. Hilo likishindikana, maji ya mvua yagawanywe tena kwa usawa, na kuku wapate sehemu yao kama raia wengine.

Nisalimie familia yako, wenzako wa ofisini, na yule mlinzi wenu mwenye kikohozi. Ng'ombe wako nao wasalimie.

Wako anayelowa,
Abdulkarimu Twalha,
Katibu.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu uchaguzi ulipoitishwa. Naomba usichukue hatua yoyote, na mtaro usiguswe kabisa. Mashavu amechaguliwa bila kupingwa. Hata mimi nilinyoosha mkono, kwa sababu kikao kilifanyika bandani kwake, na nje mvua ilikuwa inanyesha.