Heshima Mbele, Pampu Nyuma

Inatangazwa kwa fahari kubwa, kwa wakazi wote wa Arua, Koboko na popote intaneti inapofika ikijisikia, kwamba Ofisi yetu ya Uratibu wa Maji imeachana na karatasi. Sasa ruhusa zote zinatoka kwa barua pepe tu. Mimi Anguyo, Afisa Mkuu wa Mawasiliano, ndiye mwenye nywila, na naeleza haya ili wenye midomo wanyamaze.

Ruhusa ya kwanza ilihusu pampu. Kisima cha soko la Koboko kilikuwa kimekufa, pampu mpya imelala stoo kwetu Arua, na Sadiya, katibu wa kamati ya maji ya soko, anangoja barua yetu aje kuichukua. Huku nyuma akina mama walichota maji ya kijito pamoja na ng'ombe. Kazi ya kubofya tu, jamani.

Nikabofya. Kompyuta ikajibu papo hapo: mpokeaji hajulikani.

Kwetu mtu mzima hatajwi kavukavu. Kwa agizo la Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Ocokoru, kila anwani ilitanguliziwa heshima yake. Kwa hiyo nilikuwa nimeandika Mheshimiwa Mama Katibu, ndipo anwani yenyewe ikafuata. Nikapendekeza kwa unyenyekevu kwamba labda tuiondoe heshima, kwa majaribio.

"Anguyo," Mkurugenzi akasema, "ukienda kwa wakwe zako unaingia bila hodi?"

"Hapana, mzee."

"Basi mashine hiyo ifundishwe adabu."

Ikaundwa Kamati ya Nidhamu ya Kompyuta. Ikakaa, ikala chapati na mayai, ikaisimamisha kompyuta kazi kwa kuichomoa umeme. Iliporudishwa kazini, ikarudia maneno yaleyale. Jeuri kabisa!

Sadiya akapiga simu. "Bwana Anguyo, barua iko wapi?"

"Iko njiani, mama. Inatafuta anwani."

"Anwani gani? Mimi iko hapa sokoni, kila mutu anajua mimi! Mtoto ya Kiden, mama moja ya hapa soko, iko hospitali, tumbo inaharisha sababu ya maji ya ng'ombe. Yeye atakunywa barua?"

Iliniuma, nasema kweli.

Ndipo nikapata akili. Nikaunda kundi la wapokeaji. Ndani nikaweka anwani zisizo na vyeo, za ofisi nzima na za kamati ya Koboko, na nje, kwenye jina la kundi, nikamwaga vyeo vyote: Mheshimiwa Daktari Injinia Mkurugenzi na Wote Walio Chini Yake. Mashine inasoma ya ndani, wakubwa wanasoma ya nje, kila mtu anaridhika.

Mkurugenzi alifurahi, ila akatoa sharti. Mtu akigusa herufi yoyote kwenye nafasi ya mpokeaji, jina la kundi lenye vyeo vyake ndilo litokee kwanza. "Siwezi kutokea chini ya Mindra mfagizi," alisema, "eti kwa sababu ya alfabeti." Nikatengeneza hivyo.

"Sasa nitume ruhusa ya Koboko, mzee?"

"Ngoja. Kwanza nijaribu mwenyewe." Akafunga mlango.

Kumbe alikuwa anamwandikia shemeji yake, Obitre. Akagusa O. Badala ya Obitre, vyeo vyake mwenyewe vikajitokeza vyote, vimepangana vizuri. Nani angevikataa? Akabofya.

Simu yangu ikalia. Ya Mindra ikalia. Korido nzima ikalia. Tukasoma:

"Shemeji, chukua pampu stoo leo mchana, uifunge kwangu Pajulu, kwenye shamba la nyanya. Hao wa Koboko nitawaambia kompyuta imekataa."

Nilikimbia kumpongeza. "Mzee, imefika! Kwa wote! Mpaka Koboko!"

"Wote nani?"

"Wote walio chini yako, mzee."

Akawa wa kijivu. "Irudishe!"

"Hilo linahitaji kikao cha kamati, mzee."

Kamati ikaitwa. Chapati hazijaiva, lori likaingia getini likiwa limejaa akina mama wa soko, Sadiya akiwa mbele karibu na dereva. Ladu, mlinzi wa stoo, akasimama wima.

"Barua iko?"

Sadiya akamwonyesha simu. "Iko. Soma. 'Chukua pampu stoo leo mchana.' Iko na jina ya mkubwa, iko na vyeo yote. Leo mimi iko shemeji yake."

Ladu akasoma polepole, akamgeukia Mkurugenzi aliyekuwa anashuka ngazi mbio. "Afande, hii barua ni ya huyu mama, ama ni ya mutu mwingine?"

Mkurugenzi akaitazama pampu, akawatazama akina mama.

"Ni... ya Koboko," akasema.

"Na ile nyanya ya Pajulu?" akauliza Sadiya.

"Makosa ya mashine."

"Haya. Basi shika upande hii, Mheshimiwa Daktari Injinia. Iko nzito."

Akashika. Wakaibeba mpaka kwenye lori, shati lake limelowa jasho, akina mama wakipiga vigelegele kwa kila cheo chake. Jioni hiyohiyo kisima cha Koboko kilitoa maji.

Naripoti, basi, kwamba mfumo unafanya kazi kikamilifu. Mlalamikaji ni mmoja tu, Obitre, anayepiga simu kila mara kuuliza mbona hajapata barua. Mkurugenzi ameagiza asijibiwe.